Trauner: Mchoraji aliyejenga Paris ya mbao huku akiwindwa

Kuna filamu moja ya Kifaransa, Les Enfants du paradis, ambayo wajuzi wa sinema huitaja kila wanapoorodhesha kazi bora kuwahi kutoka Ufaransa. Ni ndefu, inapita saa tatu, na haina rangi. Lakini hebu vumilia dakika chache za mwanzo. Utaona barabara ya Paris ya zamani imefurika watu: wacheza sarakasi, wezi wa mifukoni, magari ya farasi, wachuuzi, wadaku, wapenzi. Unajionea mji mzima ukipumua.

Barabara hiyo ni uongo mtupu. Haikuwa hata Paris. Ilikuwa mbao, plasta na rangi, imesimamishwa kwenye kiwanja cha studio mjini Nice, kusini kabisa mwa nchi. Na jamaa aliyeichora alikuwa amejificha milimani, kwa sababu sheria ilimkataza kufanya kazi kwenye filamu yoyote ile, na waliokuwa wakiwasaka watu kama yeye hawakuwa wakitafuta saini yake.

Aliitwa Alexandre Trauner. Kama hujawahi kulisikia jina hilo usijali, maana kazi yake ni ile ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayeiona. Wewe unamtazama mwigizaji, unalia naye, unamchukia adui yake, na huulizi ni nani aliyeamua chumba chake kiwe ghorofa ya ngapi, dirisha litazame wapi na ukuta uwe na madoa ya unyevu au usiwe nayo. Kuna mtu aliyeamua. Kwa zaidi ya miaka hamsini, mtu huyo mara nyingi alikuwa Trauner.

Alizaliwa Budapest mwaka wa 1906, wakati mji huo ulikuwa mmoja wa miji mikuu miwili ya himaya ya Austria na Hungaria. Nyumbani aliitwa Sándor, jina ambalo kwa Kifaransa ni Alexandre. Alikuwa Myahudi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoisha himaya ile ilivunjika vipande, na mwaka wa 1920 Hungaria ikapitisha sheria ya kupunguza idadi ya vijana wa Kiyahudi katika vyuo vikuu. Trauner alifaulu kusomea uchoraji Budapest, lakini kijana mwenye macho aliona hali inaelekea wapi. Mwaka wa 1929, akiwa na miaka 23, alifunga virago akaenda Paris.

Alienda kuwa mchoraji. Tatizo ni kwamba Paris ya wakati huo ilikuwa imejaa wachoraji kutoka kila pembe, wengi wao wakilala njaa. Bahati yake ilikuwa kwamba sinema ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kusema. Filamu zenye sauti zilikuwa zimeingia, na vinasa sauti vya enzi hizo havikuvumilia kelele za barabarani. Kwa hivyo watengenezaji wakajifungia ndani ya studio, na studio zikahitaji watu wa kuwajengea mitaa ndani ya kuta nne. Yaani ghafla mchoraji akawa na kazi ya mjengo.

Alimpata mwalimu, Lazare Meerson, mkimbizi mwingine kutoka iliyokuwa himaya ya Urusi, na wakati huo bingwa wa seti nchini Ufaransa. Mimi niliyeachia chuo mwaka wa pili karo iliponilemea, sehemu hii ya maisha yake naipenda sana, kwa sababu darasa la uchoraji halikumfundisha Trauner sinema hata kidogo. Aliisomea kazini, akiwa msaidizi, akipaka rangi na kupima mbao. Alikuwa na Meerson kwenye À nous la liberté ya mwaka wa 1931, filamu ya René Clair inayodhihaki maisha ya kiwandani, na pia kwenye La Kermesse héroïque ya 1935, ambapo mji mzima wa kale wa Flanders ulijengwa Épinay, karibu na Paris. Meerson alimwachia somo moja alilolibeba hadi uzeeni. Usinakili mahali jinsi palivyo. Chagua vitu vichache ambavyo mtazamaji akiviona atajua yuko wapi, kisha vingine vyote uvitupe.

Meerson alihamia London na akafia huko mwaka wa 1938, hajafika hata miaka arobaini. Kufikia hapo mwanafunzi alikuwa ameshasimama kwa miguu yake.

Sasa ndio tunafika kwenye genge lenyewe. Mwelekezi Marcel Carné, mshairi na mwandishi Jacques Prévert, na Trauner. Prévert alikuwa rafiki wa kufa kuzikana, na nitarudi kwake. Watu hawa walitengeneza filamu za watu wa chini: wanajeshi watoro, vibarua, makahaba, wapenzi wasio na bahati. Mwaka wa 1938 wakatoa Le Quai des brumes, hadithi ya mwanajeshi mtoro anayefika bandari ya Le Havre usiku wa ukungu. Kile kibanda cha baharini ambamo walioshindwa na maisha wanajikusanya ni kazi ya Trauner, na ukikiona utaelewa kwa nini mtu anaweza kukaa humo hadi asubuhi bila kusema neno.

Mwaka huo huo akajenga Hôtel du Nord. Hoteli hiyo ipo kweli, kando ya mfereji wa Saint-Martin jijini Paris. Lakini kupiga filamu pale kwa wiki kadhaa, usiku na mchana, na watu wakiwa wamejaa kutazama, isingewezekana. Basi Trauner akajenga upya hoteli, kivukio cha chuma na mfereji wenyewe, maji yakiwa ndani. Cha kuchekesha ni kwamba miaka mingi baadaye serikali ililinda uso wa hoteli halisi kama turathi ya taifa, kwa sababu ya umaarufu wa filamu ambayo iligeuza nakala yake ya plasta kuwa nyota. Nakala ndiyo iliyoiokoa hoteli yenyewe.

Lakini kama una muda wa kutazama moja tu ya filamu hizo za kabla ya vita, tazama Le Jour se lève ya mwaka wa 1939. Mfanyakazi mmoja, aliyeigizwa na Jean Gabin, ameua mtu. Anajifungia chumbani kwake juu kabisa ya jumba, polisi wamezunguka chini, na usiku kucha anakumbuka jinsi alivyofika hapo. Trauner aliyatenga majumba yote, akaliacha lile moja likisimama peke yake kama jino lililobaki. Watayarishaji walitaka apunguze ghorofa ili waokoe pesa. Alikataa katakata. Mtu aliye ghorofa ya pili anaongea na majirani, lakini mtu aliye juu kule, umati wote ukiwa mdogo kama chungu, huyo yuko peke yake duniani. Kwa maneno mengine, ule upweke wa Gabin unaosifiwa na kila mtu ulijengwa na fundi kabla Gabin hajafika kazini.

Na chumba chenyewe kilikuwa na kuta zote nne. Kwa kawaida seti huachwa wazi upande mmoja ili kamera ipate nafasi. Hii ilifungwa, na mafundi wakawa wanaingilia juu kwa ngazi. Fikiria joto la taa za enzi hizo ndani ya kisanduku hicho.

Filamu ilitoka Juni. Septemba vita vikaanza. Juni iliyofuata, Wajerumani walikuwa ndani ya Paris.

Oktoba 1940, serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa waliokubali kushirikiana na Hitler, ilitoa sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika kazi nyingi, sinema ikiwemo. Trauner alikimbilia kusini, akajificha karibu na kijiji cha Tourrettes-sur-Loup, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Nice. Prévert naye alikuwa kule. Wangekuwa watu wengine, Carné na Prévert wangetafuta tu mbunifu mwingine mwenye karatasi safi, na hakuna ambaye angewalaumu. Wao waliamua kwamba kazi itaendelea kuwa ya Trauner na jina litakuwa la mwingine.

Kwa Les Visiteurs du soir ya mwaka wa 1942, jina lililotangazwa la mbunifu lilikuwa la Georges Wakhévitch. Hadithi ni ya Zama za Kati, na Trauner alichora kasri jeupe pe pe pe. Wengi walizoea kasri za filamu kuwa nyeusi, zimechakaa na kumea ukoka. Trauner alifikiria kitu ambacho ni rahisi ukishaambiwa: watu wa zama zile hawakuishi kwenye magofu. Kasri zao zilikuwa mpya.

Halafu ikaja Les Enfants du paradis. Mtunzi wa muziki, Joseph Kosma, naye alikuwa Myahudi kutoka Budapest, naye pia yuko mafichoni. Wakakusanyika kwenye nyumba iliyojitenga huko vilimani: Prévert akiandika, Trauner akichora, Kosma akitunga, Carné akipanga. Michoro ikateremka Nice, ambako Léon Barsacq na Raymond Gabutti waliisimamia ijengwe na kuiwekea majina yao. Hawa nao wapewe heshima yao. Kumkingia mtu wa aina hiyo wakati ule hakukuwa mchezo.

Upigaji wa picha ulianza Agosti 1943. Eneo la Nice lilikuwa mikononi mwa Waitalia, ambao hawakuwa na hamu ya kuwakamata Wayahudi, na ndiyo maana maelfu walikuwa wamekimbilia huko. Septemba Italia ikasalimu amri. Wajerumani wakaingia Nice na msako ukaanza, hoteli kwa hoteli, mtaa kwa mtaa. Kundi la filamu likaamriwa kurudi Paris. Seti ikabaki peke yake kwenye kiwanja, dhoruba ikaiharibu, na waliporudi mapema mwaka wa 1944 ilibidi waitengeneze tena. Mbao hazipatikani, vitambaa hazipatikani, chakula ndiyo kabisa. Inasimuliwa kwamba vyakula vya karamu vilivyopangwa mezani kwa ajili ya kamera vililiwa na waigizaji wa umati kabla kamera haijawashwa. Siwezi kuwalaumu.

Kumbuka pia yaliyokuwa yakitokea kule alikozaliwa. Kuanzia Mei 1944, Wayahudi zaidi ya 400,000 wa Hungaria walipakiwa kwenye magari ya moshi wakapelekwa Auschwitz, katika muda wa wiki chache tu. Trauner alinusurika juu ya kilima, na penseli.

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwezi Machi 1945, mji ukiwa huru tayari. Majina yalipopita kwenye pazia, Trauner na Kosma walikuwemo, pamoja na maelezo kwamba walishiriki kwa siri. Wasee, mimi majina ya mwanzo wa filamu huwa nayaruka. Haya nilisimamisha nikayasoma mara mbili.

Baada ya vita mambo hayakuwa asali moja kwa moja. Mwaka wa 1946 genge lile lilitoa Les Portes de la nuit, ambapo Trauner alijenga upya stesheni ya treni ya Barbès ndani ya studio. Watu walilalamika, na walikuwa na hoja: nchi imebomoka, watu hawana nyumba, na nyinyi mnajenga stesheni ambayo ipo kweli kilomita chache kutoka hapo? Filamu ikaanguka sokoni. Kilichobaki midomoni mwa dunia ni wimbo wake, Les Feuilles mortes, ulioandikwa na Prévert na Kosma.

Akaenda na Orson Welles hadi Morocco kutengeneza Othello. Kazi ya Welles ilikuwa ya hasla kamili. Pesa ziliisha mara kwa mara, kila mtu akirudi kwao hadi mkubwa apate nyingine. Walipofika mji wa pwani wa Mogador, ambao leo ni Essaouira, mavazi ya waigizaji hayakuwa yamefika. Ungefanya nini? Wao waliamua mauaji yafanyike kwenye bafu la mvuke, ambako mtu hahitaji nguo ila taulo. Soko la samaki likageuzwa bafu. Leo hilo ni moja ya matukio yanayosifiwa zaidi katika filamu hiyo, na mwaka wa 1952 Othello ilishinda tuzo kuu ya Cannes pamoja na filamu nyingine.

Kutoka hapo Hollywood ikaanza kumtafuta. Howard Hawks alimpeleka Misri kwa Land of the Pharaohs ya 1955, ambamo kaburi la Farao linajifunga lenyewe kwa mitambo ya mchanga unaomiminika na mawe yanayoshuka. Hadithi ni ya wastani, nitasema ukweli, lakini dakika zile za mwisho zitakubana kifua.

Kuna pia The Nun's Story ya mwaka wa 1959, ya mtawa wa Kibelgiji, aliyeigizwa na Audrey Hepburn, anayetumwa kuwa muuguzi Kongo. Sehemu za Kongo zilipigwa kulekule Stanleyville, mji ambao sasa ni Kisangani, miaka miwili tu kabla ya uhuru wa 1960. Nyumba ya watawa inayoonekana kuwa Ubelgiji, ambayo mtu angeapa ina karne kadhaa, Trauner aliijenga studioni Roma. Ukiitazama leo jinsi Waafrika wanavyosawiriwa itakukera mahali, na una haki. Lakini zile korido baridi za utawa, mistari mitupu isiyo na pa kujificha, zinasema mengi kuhusu yule mtawa kuliko mazungumzo yake.

Mwenzake wa pili wa maisha, baada ya Carné, alikuwa Billy Wilder. Walikuwa na mengi ya pamoja. Wote Wayahudi, wote wamezaliwa mwaka wa 1906 katika himaya ileile iliyokufa, wote wamekimbilia Paris. Walifanya filamu kadhaa, na ile iliyomletea Trauner tuzo ya Oscar ni The Apartment ya 1960.

Hapa lazima nisimame kidogo. Filamu inahusu karani wa kampuni ya bima New York, mtu mmoja kati ya maelfu, anayewaazima wakubwa wake ufunguo wa keja yake ili walete vimada huko. Wilder alitaka ofisi isiyo na mwisho, madawati hadi upeo wa macho. Studio haikuwa na ukubwa huo. Basi Trauner akarudi kwenye ujanja wa wachoraji. Ukisimama katikati ya reli, vyuma viwili vinaonekana kukutana mbele, si ndiyo? Vitu vilivyo mbali huonekana vidogo. Kwa hivyo ukivifanya vidogo kweli, jicho litadhani viko mbali. Madawati ya mbele yalikuwa ya kawaida na watu wazima wa kawaida. Kadiri ulivyorudi nyuma madawati yalipungua, na waliokaa walikuwa watu wenye kimo kifupi, kisha watoto waliovalishwa suti, na mwisho kabisa sanamu bapa zilizokatwa. Dari nayo ikashuka pamoja na taa zake.

Ukishajua huo ujanja unarudi kuutafuta kwenye picha, na bado huuoni. Unamwona tu karani mmoja aliyemezwa. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye ukumbi wa kupokea simu za wateja anajua hisia hiyo bila kufasiriwa.

Mwaka uliofuata walikuwa Berlin wakipiga One, Two, Three, kichekesho kuhusu mji uliogawanyika. Agosti 13, 1961, ukuta ukaanza kujengwa kazi ikiendelea. Lango la Brandenburg, ambalo walilihitaji, likafungwa. Trauner akalijenga lingine Munich. Baadaye akawajengea mtaa wa Paris ndani ya Hollywood kwa Irma la Douce, na Baker Street ya Sherlock Holmes karibu na London.

Hakustaafu. Milima ya Morocco aliigeuza Afghanistan kwa The Man Who Would Be King ya John Huston mwaka wa 1975, akateuliwa tena kuwania Oscar. Akiwa anakaribia miaka 80, kijana aitwaye Luc Besson alimwita kwa Subway, filamu ya 1985 ya jamaa wanaoishi chini ya ardhi kwenye treni za Paris, na mzee akabeba tuzo ya César, ambayo ni ya tatu kwake. Mwaka wa 1986 akamjengea Bertrand Tavernier klabu ya jazi ya Blue Note, kwa Round Midnight.

Muda huo wote aliendelea kuchora. Kila seti ilianza kama mchoro wa rangi, na hiyo ndiyo michoro iliyobaki, mingi ikihifadhiwa kwenye jumba la kumbukumbu za filamu Paris. Seti zenyewe zilivunjwa, mbao zikatumika kwingine. Barabara ya Nice haipo. Ofisi isiyo na mwisho haipo.

Prévert alikuwa amehamia kijiji kidogo cha Normandy kiitwacho Omonville-la-Petite, karibu na bahari, na akafa huko mwaka wa 1977. Trauner alikuwa na makazi sehemu hizo hizo. Alifariki Desemba 1993 akiwa na miaka 87, wakamzika kwenye makaburi ya kijiji hicho, kando ya rafiki aliyewahi kumpa pa kufanyia kazi wakati jina lake halikuweza kutajwa. Safari hii jina limeandikwa juu ya jiwe.